Bima yenye kumuacha mchimbaji inje si bima ya watu wote

Ndugu wachimbaji, wamama wa karieri, na ninyi wote wenye mnawangojea nyumbani,

Siku hizi makompani ya bima, ile tunaitaka asiransi, yako na neno jipya. Utalisoma ku bango, utalisikia ku radio, utalikuta mu vitabu vyao vya mwaka. Wanasema wanapokea watu wa kila namna: mwanamke na mwanaume, mzima na mwenye ulemavu, wa mji na wa kijiji. Wanasema kutobagua ni moja ya misingi ya kazi yao tangu zamani.

Neno ni zuri, na sendika haikatai neno zuri. Lakini mchimbaji wa Manguredjipa, mama mwenye kutwanga mawe, na mjane mwenye kukimbilia Butembo na watoto watano, wote wana haki ya kuuliza: ndani ya neno hilo, sisi tuko wapi? Bango halitatujibu. Tuangalie kwanza historia, kisha sheria, na mwisho tuangalie sanduku zetu wenyewe, kwa sababu huko pia kuna mambo.

Nani alihesabiwa, nani aliachwa

Kazi ya bima ni rahisi kueleza. Watu wengi wanatoa kidogo kidogo. Siku mmoja anapata shida, ile kidogo ya wote inakuwa kubwa kwake. Basi, ulizo la kwanza la bima ni hili: ni nani anaingia katika "wote"?

Zamani, watu weusi waliingia katika vitabu vya bima, lakini waliingia kama mizigo. Mwaka 1781, mabaharia wa meli Zong walitupa mu bahari watumwa zaidi ya 130, wakiwa wazima. Mwaka 1783 kesi ya wenye meli ilisikilizwa London. Hakuna mtu aliyehukumiwa kwa kuua. Kesi ilikuwa ya malipo ya bima, sawa vile mtu anadai malipo ya magunia yenye kupotea. Lloyd's ya London, nyumba kubwa ya bima ya meli, iliomba radhi mbele ya watu katika mwezi wa 6 mwaka 2020 kwa sehemu yake katika biashara ya watumwa. Huko Marekani kampuni Aetna iliomba radhi mwaka 2000, kwa sababu iliuza bima juu ya maisha ya watumwa: mtumwa akikufa, mwenye alilipwa ni bwana wake, jamaa ya marehemu haikupata kitu.

Utumwa ulipoisha, ubaguzi ulibadilisha nguo. Mwaka 1881 kampuni Prudential ya Marekani iliamua kwamba mtu mweusi mzima atatoa mchango sawasawa na wa mzungu, lakini akikufa, jamaa yake itapata theluthi moja kidogo. Waliandika hesabu nyingi kuonyesha kwamba watu weusi wanakufa mapema. Hawakuandika kwamba wanakufa mapema kwa sababu ya kazi ngumu, nyumba mbaya na kukosa daktari. Kumbukeni jambo hilo, kwa maana leo mchimbaji anaambiwa maneno yale yale: "Kazi yako ni hatari, hatuwezi kukubeba."

Watu weusi wa Durham, katika jimbo la North Carolina, walifanya nini? Mwaka 1898 walijenga kampuni yao, North Carolina Mutual. Mmoja wa waanzishaji, John Merrick, alizaliwa mtumwa, kisha akawa kinyozi. Mwingine, Aaron Moore, alikuwa daktari. Walikusanya senti kila juma, nyumba kwa nyumba, kwa watu wenye kampuni zingine zilikuwa zinafukuza ao kunyonya. Kampuni hiyo iliishi zaidi ya miaka 120.

Karibu na sisi kuna mfano mwingine. Jubilee Insurance, yenye leo inafanya kazi Kenya, Uganda, Tanzania na Burundi, ilizaliwa Mombasa mwaka 1937. Ni mwaka ule Aga Khan, mkubwa wa Waismaili, alipimwa kwa dhahabu huko Nairobi kukumbuka miaka 50 ya uongozi wake. Waismaili walikuwa watu wachache, wenye asili ya India, katika nchi yenye Waingereza walikuwa wanapanga kila mtu kulingana na rangi yake. Walijikusanya wao wenyewe, na mwishoni nyumba yao ikafungulia watu wengine.

Ninataka muone kamba yenye kufunga mifano hiyo. Wenye waliachwa inje hawakungojea mlango ufunguliwe kwa huruma. Walijenga sanduku lao, na walilijenga kwa hesabu safi. Kisha ndipo wenye nguvu walianza kuwaheshimu.

Kwetu Kongo

Wakati wa Wabelgiji, MGL ilichimba dhahabu hapa kwetu Lubero. Wakati ule mzungu na mweusi walifanya kazi kwa kampuni moja, lakini kila mmoja alikuwa na sheria yake ya ajali na ya uzee. Pensheni ya wafanyakazi weusi ilikuja na dekreti ya 6 Juni 1956, miaka minne tu mbele ya uhuru. Wazungu walikuwa na yao zamani. Mwaka 1961, kisha uhuru, sanduku za zamani ziliunganishwa na kuwa INSS. Sheria ya 15 Julai 2016 ndiyo ilifungua njia ya kuibadilisha ikawa CNSS.

Kwa upande wa biashara ya bima, SONAS iliundwa mwaka 1966. Ilikuwa peke yake mu nchi nzima kwa miaka karibu 50, mpaka sheria ya 17 Machi 2015 ilipofungua soko. Serikali ikaweka ARCA kuwa jicho la kuchunga makompani, na kuanzia 2019 makompani ya watu binafsi yalianza kupata ruhusa ya kazi. Hayo ni mabadiliko makubwa. Lakini muangalie ni nini kililindwa kwanza. Tangu sheria ya 5 Januari 1973, mwenye gari ao pikipiki analazimishwa kuwa na bima. Pikipiki yenye inabeba mchimbaji kutoka Butembo mpaka karieri inaombwa karatasi ya bima ku bariere. Mchimbaji mwenyewe, mwenye kushuka mu shimo, hakuna mtu anamuomba ao anampa karatasi yoyote. Chuma kiko na bima, nyama haina.

Na CNSS? CNSS inalipa sehemu tatu: pensheni, ajali na magonjwa ya kazi, na msaada kwa jamaa. Mchango ni 18 kwa mia ya mshahara: patron analipa 13, mfanyakazi analipa 5. Ni mpango mzuri kwa mwenye kuwa na patron na mshahara. Lakini mu karieri zetu, patron ni nani? PDG wa shimo anasema yeye si patron, wanagawanya tu mavuno. Negosia anasema yeye ni mnunuzi tu. Koperative inasema yeye ni mama wa wote, lakini hailipi mshahara wa mtu. Basi wakati shimo linaanguka, patron hapatikani, na mchango haukulipwa hata siku moja. Tangu ordonansi ya 1982 ilipofungulia raia uchimbaji wa mikono, na hata kisha Kode ya mine ya 2002 na mabadiliko yake ya 9 Machi 2018, mchimbaji anaombwa karte, anaombwa kuingia koperative, anaombwa taksi. Wanamhesabu vizuri sana wakati wa kulipa. Wakati wa kulindwa, jina lake halionekani.

Milango yenye sheria ilifungua

Tusidanganyane kwamba hakuna kitu kimebadilika. Kuna sheria, na mtu wa sendika anapaswa kuzijua sawa vile anajua miti ya kushikilia shimo.

Kode ya jamaa ya 1987 ilikuwa inasema mwanamke mwenye kuolewa anahitaji ruhusa ya bwana yake kwa matendo ya sheria yenye kumfunga. Kwa maneno mengine, mama hakuweza kutia sahihi ku kontra ya bima kwa jina lake bila baba kukubali. Tarehe 15 Julai 2016, siku ile ile ya sheria ya CNSS, sheria nyingine ilibadilisha jambo hilo: sasa ni bwana na bibi wenye wanapaswa kupatana, wote wawili, kwa kila tendo lenye kuwafunga. Mama si mtoto tena mbele ya karatasi. Wamama, kama mtu wa ofisi anawaambia "mulete kwanza ruhusa ya baba", mujue anasoma kitabu cha zamani.

Tarehe 3 Mei 2022, ilikuja sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Katika karieri zetu, ulemavu si jambo la kuzaliwa nalo tu. Ni jiwe lenye kuanguka ku mguu, ni baruti yenye kulipuka mapema, ni macho yenye kuharibika. Mwenye kuwa mzima leo asubui anaweza kuwa mwenye ulemavu mangaribi. Na tarehe 15 Julai 2022, ilikuja sheria ya kulinda haki za watu wa asili, wale ndugu zetu Wambuti, wenye pori hizi walizijua mbele ya mashimo yote. Kuna pia sheria ya 8 Februari 2017 juu ya mituweli, yenye inatoa njia kwa kikundi cha watu kujenga sanduku la kusaidiana na kutambuliwa na serikali.

Milango iko, lakini mlango wenye hakuna njia ya kuufikia ni sawa na ukuta. Nimesindikiza mjane mmoja ku ofisi moja ya bima, jina la ofisi naliacha. Bwana yake alikuwa na karatasi, alilipa mpaka mwezi wa mwisho. Waliomba akti ya ndoa. Mama alikuwa na mbuzi za mahari zenye jamaa mbili zilishuhudia, hakuwa na akti. Waliomba akti za kuzaliwa za watoto. Moja tu ilikuwapo. Kontra ilikuwa ya kurasa nyingi, kwa Kifaransa tu, na hakuna mtu ku ofisi aliyeketi kumsomea. Ku ukuta, juu ya kichwa cha karani, kulikuwa na picha ya wamama wenye kucheka na maneno makubwa juu ya kupokea watu wote. Mama alitoka mikono mitupu. Hakuna mtu alimtukana, na hakuna aliyesema "wewe mwanamke wa kijiji, toka". Karatasi ndizo zilimfukuza. Ubaguzi wa siku hizi mara nyingi uko hivyo: hauna sauti, unakaa ndani ya orodha ya karatasi.

Na kuna kifungu kingine chenye kutuuma zaidi sisi wa Beni na Lubero. Kontra nyingi za bima duniani zinaandika kwamba kampuni hailipi kifo ao hasara yenye kuletwa na vita. Mahali pengine, ni maneno madogo yenye hakuna mtu anasoma. Kwetu, tangu mauaji yalipoanza Beni mwezi wa 10 mwaka 2014, na tangu M23 walipoingia Kanyabayonga mwezi wa 6 mwaka 2024, maneno hayo madogo yanafuta kontra nzima. Mchimbaji akichinjwa mu njia ya karieri, wataita ile vita. Mama akikimbia na kuacha mashine ya kusaga mawe, wataita ile vita. Basi bima yenye kukataa vita, hapa kwetu, inaweza kukataa karibu kila kifo. Kampuni ikisema inapokea watu wa kila namna, ituonyeshe kwanza inafanya nini na kifungu hicho kwa mteja wa Lubero.

Sanduku zetu wenyewe

Sasa tugeuze kioo. Ni rahisi kusema mabaya ya makompani ya Kinshasa. Lakini mu mashimo yetu tuko na sanduku za msaada, tuko na likelemba, tuko na MUSO na AVEC zenye kuendeshwa na wamama wenye akili nyingi. Ni nani anaingia mu sanduku la shimo? Mara nyingi ni wanaume wa shimo tu. Mama mwenye kutwanga mawe, mwenye kubeba mchanga, mwenye kuosha, mwenye kupika, wanamwambia: "Wewe si mchimbaji." Akivunjika mkono na nyundo, wanamchangia kwa huruma, kama wanakumbuka. Mkimbizi wa ndani mwenye kutoka Rutshuru ao Masisi, wanamwambia: "Wewe ni mtu wa kuja, kesho utarudi kwenu." Mmbuti mwenye kubeba mizigo mu pori, wanamlipa kwa chumvi na pombe, na jina lake halijaandikwa pahali popote. Mwenye kukatika mguu, wanamtoa mu orodha kwa sababu "hatoi tena".

Ndugu zangu, tukifanya hivyo, tuko na tofauti gani na wale wa 1881? Wao walisema mweusi anakufa upesi. Sisi tunasema mama si mchimbaji. Wote wawili wanatafuta sababu ya kupunguza watu ku sahani.

Ninajua jibu lenye watu wananipa ku mikutano. Wanasema: "Sanduku ni kidogo, tukiongeza watu litaisha." Ni jibu la mtu mwenye kuogopa, na ninaliheshimu. Lakini ni hesabu mbaya. Acha tuihesabu pamoja.

Tuseme shimo moja liko na wanaume 30, na kila mmoja anatoa franga 1,000 kila juma. Kwa juma 52 za mwaka, sanduku linapata franga 1,560,000. Kisha ongeza wamama 10 wenye kutwanga na kuosha, kwa mchango ule ule. Sanduku linafika 2,080,000. Ni franga 520,000 zaidi. Lakini ya muhimu si ile nyongeza. Ya muhimu ni hii: siku shimo linaanguka, wale wanaume 30 wanaweza kuwa wote chini. Mlisikia habari ya Kamituga, tarehe 11 Septemba 2020: mvua ilinyesha, maji yakaingia mu shimo lenye watu waliita Detroit, na watu karibu 50 wakakufa siku moja. Kama wale 50 walikuwa na sanduku lao peke yao, ni nani alibaki wa kulitia franga? Sanduku la watu wa shimo moja linakufa pamoja na shimo.

Ndiyo maana bima ya kweli inahitaji watu wenye hawafanani. Inahitaji mwenye kushuka chini na mwenye kubaki juu. Inahitaji shimo la Manguredjipa na shimo la Kasugho, kwa sababu mlima hauanguki siku moja pande zote mbili. Inahitaji mama mwenye kuuza mihogo, mwenye pikipiki, mkulima wa maragi, mwalimu. Kila mmoja yuko na hatari yake, na hatari hizo hazifiki saa moja. Mwenye kuchanganya watu analinda sanduku. Mwenye kuchagua watu wa aina moja anaweka mayai yote mu kikapu kimoja na kukibeba juu ya udongo wenye kuteleza. Kwa hiyo, kupokea watu wa kila namna si zawadi yenye kampuni ao koperative inatupa. Ni msingi wenyewe wa kazi ya bima, na mwenye kuukataa anaharibu biashara yake mwenyewe.

Tanzania walianza njia hiyo Igunga mwaka 1996: jamaa za wakulima zilianza kutoa mchango mmoja kwa mwaka ku sanduku la afya la wilaya, bila kuuliza nani ni mgonjwa na nani ni mzima. Mpango ule ulipata shida nyingi, dawa zilikosekana pahali pengi. Lakini ulionyesha kwamba mtu wa kijiji, bila mshahara na bila patron, anaweza kuingia katika bima kama jamaa nzima inaandikwa pamoja.

Tunaomba nini

Kwa makompani ya bima, tunaomba mambo manne. Kwanza, kontra na sharti zielezwe kwa Kiswahili, na pahali pa lazima kwa Kinande, mbele ya mtu kutia sahihi. Kiswahili ni moja ya luga nne za taifa ndani ya Katiba yetu, si luga ya kujificha. Pili, mchango uweze kulipwa kwa juma ao kwa mwezi, kwa simu, kwa sababu mchimbaji hapati franga kila tarehe 30. Anapata siku shimo linatoa. Tatu, wakubali ushahidi wa jamaa, wa chifu na wa kanisa ao muskiti, pahali akti imepotea kwa moto ao kwa kukimbia. Ine, waandike wazi wazi, kwa herufi kubwa, ni kifo gani hawatalipa, na watafute pamoja na serikali namna ya kufunika wahanga wa mauaji.

Kwa ARCA, tunaomba jicho lake lifike mpaka Butembo na Beni. Kampuni yenye kuandika katika kitabu chake cha mwaka kwamba inapokea wote, iulizwe hesabu: ni wamama wangapi, ni wenye ulemavu wangapi, ni wa vijiji wangapi, na kati yao ni wangapi walilipwa. Neno bila hesabu ni harufu ya chakula, haishibishi.

Kwa serikali, tunaomba CNSS itafute njia ya mchimbaji mwenye hana patron. Koperative inajua watu wake, inajua mavuno. Kama inaweza kukata taksi kwa kila tola, inaweza pia kukata mchango wa ajali, na karatasi ibaki mu mikono ya mchimbaji.

Kwa koperative na PDG wote wa Lubero: katika mikutano ya mwaka huu, sendika italeta ombi moja. Kila mwenye kufanya kazi ku karieri, chini ao juu, mwanaume ao mwanamke, mwenye kuzaliwa hapa ao mwenye kukimbilia hapa, Mnande, Mmbuti ao Muhunde, aandikwe katika sanduku moja, kwa mchango mmoja, na apate msaada mmoja. Mwenye kupata ulemavu kwa kazi asitolewe mu orodha. Na ku komite ya sanduku kuwe wamama, si kwa kupika chai, ni kwa kushika funguo. Anayejua MUSO za Butembo anajua ni nani anachunga franga vizuri.

Tunajua watakuwapo wenye kukataa. Wengine watasema ni siasa, wengine watasema desturi. Tutawaomba wachukue kalamu na kufanya tena ile hesabu ya watu 30 na watu 40, kisha watuonyeshe ni wapi tumekosa.

Na ninyi, jamaa zetu, musingojee sheria ikamilike. Kuna kazi ya kufanya juma hili. Andikisha ndoa yako ya desturi kwa ofisa wa etasivili. Kode ya jamaa inaomba hivyo, na hakuna mbuzi yenye itasema kwa ajili yako ku ofisi ya bima. Mtoto akizaliwa, muandikishe ndani ya siku 90. Fanya kopi za karatasi na kuziacha kwa mtu wa jamaa mwenye kukaa mu mji, kwa maana siku ya kukimbia hakuna mtu anabeba kabati. Baba, mwambie bibi yako uko mu sanduku gani, namba gani, unatoa ngapi. Siri yenye inaingia nawe mu shimo, tutaizika pamoja nawe.

Wababu wetu walihesabiwa mu vitabu vya bima kama mizigo, kisha wakahesabiwa kama wafanyakazi wa daraja la chini, kisha hawakuhesabiwa tena. Leo kalamu iko pia mu mkono wetu, mu daftari ya kila sanduku la kila shimo. Mtu wa kwanza kuandika jina la mama mwenye kutwanga mawe asiwe karani wa Kinshasa. Awe katibu wa shimo lake, juma hili, kwa wino, mbele ya watu wote.